Fizi zinatoka damu? Usiache kupiga mswaki hapo, fanya hivi

Kama umefungua hii basi labda asubuhi ulitema povu la dawa ya meno ukaona lina rangi ya pinki, au umeng'ata kitu ukaacha alama ya damu, ukajiambia aah mswaki mgumu tu huu, itaisha. Na mimi nilijiambia hivyo hivyo karibu mwaka mzima. Na kosa langu kubwa wala halikua kuchelewa kwenda kwa daktari, ingawa nilichelewa. Kosa lilikua hili: sehemu iliyokua inatoka damu niliacha kuipiga mswaki. Nilikua napita kwa mbaali, nairuka, nahamia upande mwingine, nikiamini naipumzisha fizi ipone. Kumbe nilikua naulea ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kama hutasoma kingine chochote hapa chukua hili: mara nyingi sana fizi inatoka damu kwa sababu kuna uchafu umeganda pale ukingoni jino linapokutana na nyama, na mwili unapigana nao. Tiba ya kwanza ni kuutoa ule uchafu kila siku, kwa upole, hata kama damu inatoka. Siku mbili tatu za mwanzo damu inaweza hata kuongezeka, usitishike, endelea. Ukisafisha vizuri kwa wiki moja mpaka mbili utaona damu inapungua yenyewe. Isipopungua hapo ndo ujue kuna kitu mswaki haukifikii, na hapo hamna njia nyingine ni kwenda kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Sasa tuelewane kwanza huo uchafu ni nini maana watu wengi wanadhani ni mabaki ya chakula. Sio. Ni utando laini unaonata, wa bakteria, unajijenga juu ya jino masaa machache tu baada ya kupiga mswaki, ukipitisha kucha jioni unaukwangua unakua kama uji mweupe mweupe. Huo ndo ukoga. Ukiwa laini mswaki unautoa bila shida. Ukiuacha siku kadhaa unaanza kunyonya madini ya kwenye mate unageuka jiwe, wengine wanauita ugaga, na ukishafika hapo piga mswaki mpaka mkono ukatike hautoki, maana umeshika kwenye jino kama saruji. Na juu ya hilo jiwe, kwa kua lina mikwaruzo mikwaruzo, ukoga mpya unashika kirahisi zaidi, ndo maana mtu mwenye ugaga anaweza kua anapiga mswaki kila siku na bado fizi zinavuja damu.

Kuna jaribio moja la mwaka 1965 lililofanyika Denmark, akiwemo mtafiti anaitwa Harald Löe, nalipenda sana kwa sababu linamaliza ubishi. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima kabisa wakawaambia waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 mpaka 21 kila mmoja fizi zake zikawa zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, na kwa kama wiki moja fizi zikarudi kua nzima. Yaani hamna dawa ya kumeza pale, hamna sindano, ni uchafu kuwepo na uchafu kuondoka basi.

Lakini hiyo ni hatua ya kwanza tu, pale ambapo ni fizi peke yake ndo imevimba, nyekundu, inang'aa, inatoka damu ukiigusa. Hapo kila kitu kinarudi. Ukiacha ikaendelea, kwa baadhi ya watu (sio wote, na huwezi kujua wewe uko kundi gani) uvimbe unashuka chini, unaanza kula nyuzi zinazoshikilia jino na mfupa wenyewe. Fizi inajitenga na jino, kunakua na mfuko. Uchafu unaingia kwenye mfuko, mfuko unazidi kuchimbika, mfupa unazidi kupungua, na mfupa ukishaenda haurudi wenyewe. Unachoweza kufanya ni kuusimamisha ugonjwa pale ulipofika, usisonge tena. Ndo maana nasema kuwahi kuna faida kubwa sana kuliko kwenye magonjwa mengine mengi.

Na ubaya wa huu ugonjwa jamani hauumi. Jino likioza linakuamsha usiku. Fizi ikioza inakaa kimya miaka na miaka, unakuja kushtuka jino linacheza. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilikadiria watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa wa fizi uliofika pabaya, na naamini wengi wao hawajui kama wanao maana hamna kinachowauma.

Dalili za kuangalia, mbali na damu: harufu ya mdomo isiyoisha hata ukipiga mswaki, ladha mbaya ukiamka, fizi imeshuka jino linaonekana refu kuliko zamani, nafasi mpya kati ya meno ambazo hazikuwepo, chakula kinaanza kunasa sehemu ambayo zamani hakikua kinanasa, usaha ukibonyeza fizi, meno ya mbele yanaanza kutawanyika, na jino kucheza. Kama unavuta sigara hapa uwe makini zaidi, kwa sababu moshi unapunguza damu kwenye fizi, kwa hiyo fizi ya mvutaji inaweza isitoe damu kabisa, ikaonekana imekakamaa vizuri tu, na huku chini mfupa unaliwa. Mvutaji asisubiri damu.

Namna ya kupiga mswaki, maana hapa ndo penyewe

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo tunapokosea karibu wote, mimi nilikua napiga mswaki mara mbili kwa siku toka utotoni na bado nilikua na ugaga nyuma ya meno ya mbele ya chini kama ukuta.

Mswaki uwe laini. Sio wa kati, sio mgumu, laini. Watu wanaamini mgumu ndo unasafisha, lakini mgumu unakwangua jino na kuisukuma fizi chini, na hauingii kwenye ule mfereji mdogo kati ya fizi na jino, ambapo ndo tunapopataka. Ulaze mswaki kwa mshazari, digrii 45 hivi, ncha za nyuzi zielekee kwenye fizi, kwa meno ya juu zielekee juu na kwa ya chini zielekee chini. Nusu ya mswaki iwe kwenye jino nusu iguse fizi. Alafu usisugue kwa nguvu kwenda mbele na nyuma kama unasugua sufuria, tikisa tu, mtikisiko mdogo mdogo wa papo kwa papo, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, hesabu mpaka kumi, alafu futa kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, sogea. Ukishika mswaki kwa vidole kama unavyoshika kalamu badala ya kuukamata kwa ngumi nguvu inapungua yenyewe, jaribu leo utaona.

Sehemu ya ndani, upande wa ulimi, ndo inayosahaulika, hasa meno ya mbele ya chini ambapo mate yanamwagika na ugaga unajenga haraka. Pale simamisha mswaki wima, tumia ile ncha ya mbele, jino moja moja. Na jino la mwisho kabisa kule nyuma, ule mgongo wake ambao hauna jirani, funga mdomo kidogo shavu lilegee ndo mswaki utaingia. Jumla dakika mbili, na dakika mbili ni ndefu kuliko unavyodhani, weka saa ya simu mara moja tu ujipime. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndo muhimu zaidi, ukishapiga usile tena. Dawa ya meno iwe na floraidi, ukimaliza tema tu, usisukutue na maji mengi, hiyo floraidi iachwe ifanye kazi. Mswaki ubadilishe kila baada ya miezi mitatu au nyuzi zikishatawanyika. Mswaki wa umeme ni mzuri hasa kwa mtu mwenye mikono migumu au anayetetemeka, lakini sio lazima, wa kawaida ukiutumia vizuri unatosha.

Sasa katikati ya meno. Mswaki hauingii pale, hata ungekua wa dhahabu hauingii, na ugonjwa wa fizi unapenda kuanzia pale pale katikati. Kama meno yako yamebanana tumia uzi wa meno: kata kama nusu mita hivi, zungushia kwenye vidole vya kati, acha kipande kifupi, ushushe taratibu kwa kuusogeza kulia kushoto (usiupige chini kwa kishindo utaikata fizi), ukifika chini ukunje ukumbatie jino moja kama herufi C, ingia kidogo chini ya fizi, panda na shuka mara tatu nne, alafu kumbatia jino la jirani. Wengi wanapitisha katikati tu wanatoa, hiyo inatoa chakula lakini ukoga unabaki ukutani.

Kama fizi imeshashuka na kuna nafasi, achana na uzi, tumia vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno, vinafanya kazi vizuri zaidi. Vina saizi tofauti na usinunue moja ukaamini umemaliza, unaweza kuhitaji saizi mbili au tatu mdomo mmoja. Saizi sahihi ni ile inayoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha, ikiingia bila kugusa kuta ni ndogo hiyo haifanyi kitu, na waya usiguse jino. Mimi napenda kuanza na vibrashi kabla ya mswaki, kwa sababu nikiacha mwisho usingizi unanishinda. Na nikikitoa nakiangalia: wiki ya kwanza kilikua kinatoka na damu na harufu ambayo kwa kweli ilinisikitisha, wiki ya tatu kinatoka cheupe.

Ulimi nao ukwangue, kwa ajili ya harufu.

Kusukutua

Maji ya chumvi ni mazuri, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua tema, yanatuliza fizi iliyovimba. Lakini hayatoi ukoga na hayayeyushi ugaga, usije ukakaa nayo miezi sita ukisema unajitibu.

Dawa za kusukutua zenye klorheksidini zinaua bakteria kweli, kawaida ni za asilimia 0.12 au 0.2, asubuhi na usiku, na daktari anaziandika kwa muda mfupi tu, wiki mbili hivi mpaka nne, mfano baada ya upasuaji au pale mtu anaposhindwa kupiga mswaki kwa maumivu. Sio za kutumia mwaka mzima. Zinapaka meno na ulimi rangi ya kahawia na zinaharibu ladha ya chakula kwa muda, na dawa nyingi za meno zinaipunguzia klorheksidini nguvu kwa hiyo usiitumie hapo hapo umetoka kupiga mswaki, subiri nusu saa au itumie saa nyingine kabisa.

Vitu vya kuacha: kusaga vidonge vya aspirini ukaweka kwenye fizi, hiyo inaunguza nyama ikawa nyeupe inachubuka. Limao kwenye meno, linakula jino. Mkaa na mchanga na chochote cha kukwangua. Na kuchokonoa fizi na pini au kucha ukitafuta ugaga uutoe mwenyewe, naomba usifanye, unaweza kuusukuma ndani zaidi ukapata jipu.

Kwenye kiti cha daktari

Siku niliyokwenda daktari alikua mama mtu mzima, hakuanza kusafisha, alianza kupima. Ana kijiti chembamba cha chuma kina mistari ya milimita, anakiingiza taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, anamtajia msaidizi namba anaandika. Mbili, tatu, mbili. Tatu, tatu, mbili. Nikawa nasikiliza tu. Alivyofika kule nyuma nilikokua nakukwepa na mswaki namba zikabadilika: nne, tano, sita. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Mwanangu, huku unasafishaga kweli?" Nikamwambia ukweli, dokta naogopa, panatoka damu. Akanipa kioo akanionyesha fizi imevimba imekua kama mto, akasema, "Panatoka damu kwa sababu hupasafishi, wewe umegeuza."

Hizo namba uzijue maana ndo ramani yako. Milimita 1 mpaka 3 ni kawaida. Kuanzia 4 ni mfuko, uchafu unajificha humo na mswaki haufiki. 6 kwenda juu ni hatari ya kweli kwa hilo jino. Pia wanaangalia ngapi zinatoka damu zikiguswa, jino gani linacheza, na watapiga eksirei kuona mfupa umebaki kiasi gani. Ukienda mahali wakakusafisha haraka haraka dakika kumi bila kupima chochote, na wewe una dalili nilizotaja, uliza: naomba unipimie mifuko. Ni haki yako kujua.

Kama ni fizi tu zimevimba wanasafisha juu, kuondoa ugaga kwa mashine inayotetemeka na kurusha maji, au kwa vyuma vya mkono, skelingi wanaita, na unaonyeshwa namna ya kusafisha nyumbani imeisha. Kama kuna mifuko wanaingia chini ya fizi, wanakwangua ugaga uliokaa kwenye mzizi. Hii wanakupiga ganzi, huskii maumivu, unaskia tu mtetemo na kukwaruzwa, mara nyingi wanagawa upande mmoja leo mwingine siku nyingine. Mimi alinionyesha kipande kilichotoka, cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, kigumu kabisa. Hicho ndo kilikua kinakaa chini ya fizi yangu miaka, na hamna dawa ya kusukutua duniani ingekitoa.

Hapa lazima niseme kuhusu ule uvumi kwamba kusafishwa meno kunalegeza meno. Nimeusikia mpaka kwa watu wasomi, na umewafanya wengi wakae nyumbani mpaka meno yakawatoka. Kinachotokea ni hivi: ugaga ukiwa mwingi unajaza nafasi kati ya meno na kuyashikanisha kama plasta, mfupa chini ukiwa umeshaliwa. Ukiondolewa, unaona nafasi, unaskia jino linacheza, unaona meno marefu, maana uvimbe wa fizi nao umeshuka. Ule ulegevu ulikuwepo, ulikua umefunikwa. Na fizi ikishapona meno mengi yaliyokua yanacheza kidogo yanakaza tena. Meno kuuma na vitu vya baridi ni kawaida siku au wiki chache, dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayoshtuka na baridi inasaidia, mizizi ilikua imefunikwa na sasa iko wazi.

Baada ya hapo unarudi kupimwa upya, wiki sita mpaka miezi mitatu hivi, kuona mifuko imepungua kiasi gani. Usikwepe hii siku. Watu wanasafishwa wanajiskia vizuri wanapotea, kumbe ndo siku inayoamua kama imetosha au kuna sehemu zirudiwe au zifanyiwe upasuaji mdogo, ambao wanafunua fizi waone mzizi kwa macho wasafishe wairudishe kwa nyuzi. Na baada ya hapo ratiba yako sio ya mtu wa kawaida tena, ni kila miezi mitatu mpaka minne kusafishwa mwanzoni, baadae daktari anaweza kuisogeza. Ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa ni kama presha, hauponi ukasahau, unautawala.

Antibayotiki: hapana, usiende kununua mwenyewe amoksilini na metronidazoli ukameza kwa sababu fizi zinatoka damu. Bakteria wako ndani ya utando, wamejikinga, dawa haiwafikii vizuri mpaka utando uvurugwe kwa chuma, na ugaga hauyeyuki kwa kidonge. Unapata nafuu wiki moja, inarudi, na unafundisha wadudu usugu. Daktari anaziandika kwa hali chache, kama ugonjwa unaokimbia kasi kwa kijana au jipu lenye homa, pamoja na kusafisha sio badala yake. Akikuandikia metronidazoli usiguse pombe.

Vitu vya mwilini vinavyouchochea

Kisukari ndo cha kwanza. Sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka na kupona kunakua kwa shida, na upande wa pili fizi zenye uvimbe zinafanya sukari iwe ngumu kuishusha. Kutibu fizi kunasaidia kushusha kile kipimo cha HbA1c (kinachoonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita), sio sana lakini kunaonekana. Kwa hiyo kama una sukari mwambie daktari wa meno, na kama fizi zako zinakusumbua bila sababu, majipu ya fizi yanarudi rudi, kapime sukari hata kama hujawahi kuambiwa unayo.

Sigara nimeshaigusa. Naongeza tu kwamba kwa mvutaji matibabu yote haya yanafanya kazi kidogo kuliko kwa asiyevuta, na kuacha kunabadilisha hilo. Ukiacha fizi zinaweza kuanza kutoa damu wiki za mwanzo, usidhani kuacha kumekuharibu, ni damu imerudi kwenye fizi.

Mjamzito, dada yangu, homoni zinafanya fizi zivimbe hata kwa uchafu kidogo, na wengine wanaota kinyama chekundu kati ya meno ambacho mara nyingi kinasinyaa baada ya kujifungua. Kusafishwa meno ukiwa na mimba ni salama, miezi ya katikati ndo unakaa kwenye kiti vizuri zaidi, sema tu mapema kwamba una mimba kabla ya eksirei au dawa yoyote. Kutapika asubuhi kukiwa kwingi sukutua na maji kwanza, subiri kama nusu saa ndo upige mswaki.

Dawa nazo. Fenitoini ya kifafa, baadhi za presha kama nifedipini na amlodipini, na saiklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo zinaweza kufanya fizi ikue ifunike meno. Usiache dawa mwenyewe, kabisa usiache, nenda na orodha yako kwa madaktari wote wawili wazungumze. Na anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme kabla ya kukwanguliwa.

Wapi usisubiri miadi

Uvimbe wa fizi unaopanda shavuni au chini ya taya, homa, kushindwa kumeza, mdomo kutofunguka, pumzi kubana: hiyo ni hospitali usiku huo huo. Fizi zinazouma ghafla zenye vidonda vya kijivu kwenye vile vinyama vya kati ya meno na harufu kali, nenda siku hiyo hiyo, na usikatae ukishauriwa vipimo vya damu ikiwemo HIV, ugonjwa huu unapenda kinga iliyoshuka. Damu inayotoka yenyewe bila kugusa, na unapata michubuko mwilini bila kugongwa, hiyo inaweza isiwe fizi kabisa, kapime damu. Kidonda chochote mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionyeshe.

Kwa wanaotunza mzee au mgonjwa asiyejiweza: simama nyuma yake au pembeni, egemeza kichwa chake kwenye mwili wako, vuta shavu kwa kidole, mswaki mdogo wa mtoto unaingia vizuri zaidi, dawa ya meno kidogo tu isije ikampalia. Meno ya bandia yatolewe usiku yasafishwe, na fizi zilizokua chini yake zifutwe pia.

Mimi niliporudi miezi mitatu baadae yule mama alianza tena na namba zake, mbili, tatu, mbili, nikawa nahesabu naye kimoyomoyo. Kule nyuma palipokua sita pakasoma nne, na damu hakuna. Ila jino moja la pembeni yake limegoma kwenye tano. Kaniandikia kibrashi saizi kubwa kidogo kwa ajili ya hilo jino peke yake, kila usiku, kutoka upande wa ndani na sio wa nje, alafu tuonane tena mwezi wa nne.